Yanga na Simba Hawajatuibia: Wachezaji Wetu Wanaondoka Bure Kwa Sababu Hatuandiki

Merkato imefunguka, na kama kila mwaka tumeanza kulia. Simu za kipindi cha michezo zinaingia na wimbo ni uleule: Watanzania wanatuibia watoto. Yanga wamechukua huyu, Simba wamechukua yule, na Mazembe naye anapanda mpaka huku kwetu Kivu kuchagua wachezaji kama mama anayechagua nyanya sokoni. Wengine wanaomba serikali ifunge mpaka. Kuna aliyetuandikia kwamba mchezaji anayekwenda Dar es Salaam ni msaliti wa nchi.

Ndugu wasikilizaji, mimi nakataa. Hakuna aliyetuibia. Wachezaji wetu wanaondoka bure kwa sababu viongozi wa timu zetu hawaandiki, na wakiandika hawasaini, na wakisaini hawalipi. Halafu mchezaji akiisha panda ndege, prezida wa timu anakuja kwenye redio kulia na sisi.

Tuanze na Vita (naongea Vita Club ya Kinshasa, si vita ya bunduki). Mwaka 2018 Vita ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la CAF chini ya kocha Florent Ibenge. Ilipigwa 3-0 na Raja kule Casablanca, ikajibu 3-1 Kinshasa, ikakosa kombe kwa goli moja tu. Hiyo ilikuwa timu. Mwaka 2020 Tuisila Kisinda na Mukoko Tonombe wakaenda Yanga. Mwaka 2021 Djuma Shaban na Fiston Mayele wakafuata njia hiyohiyo. Msimu wa 2021-2022 Yanga ikachukua ubingwa wa Tanzania bila kupoteza mechi hata moja. Mwaka 2023 ikafika fainali ya Shirikisho, na mfungaji bora wa mashindano alikuwa Mayele, magoli 7. Kisha Mayele akaenda Pyramids ya Misri, na Juni 2025 akafunga katika fainali ya Ligi ya Mabingwa na kubeba kombe. Na Vita? Februari 2021 Simba walikuja Kinshasa na kushinda 1-0, penati ya Chris Mugalu, Mkongomani mwenzetu. Waliporudiana Dar es Salaam ikawa 4-1.

Nani alifanya kosa hapo? Mayele? Yule kijana alitafuta mkate wake, na kila mzazi anayesoma hapa angemwambia aende. Yanga? Waliona mchezaji mzuri, wakaja na pesa. Swali la kuuliza ni lile ambalo mashabiki wetu hawaulizi: alipoondoka, timu ilipata nini, na nani alikuwa tayari kuchukua nafasi yake? Timu inaweza kuuza mshambuliaji ikaishi. Lakini ikiruhusu beki, kiungo, winga na mshambuliaji waondoke ndani ya merkato mbili, hiyo si biashara tena. Ni nyumba inayouza mabati yake msimu wa mvua.

Na tuwe wakweli kuhusu huu wizi. Mwaka 2011 Mazembe ilikutana na Simba katika Ligi ya Mabingwa. Simba walikuwa na kijana mmoja mwembamba, Mbwana Samatta. Mwaka huohuo Mazembe ikamchukua. Alikaa Lubumbashi mpaka Januari 2016. Mwaka 2015 alifunga magoli 7 katika Ligi ya Mabingwa, Mazembe ikabeba kombe lake la tano, na Samatta akachaguliwa mchezaji bora wa Afrika kati ya wanaocheza ndani ya bara. Thomas Ulimwengu naye alikuwa pale. Siku zile kuna shabiki wa Lubumbashi aliyepiga simu redioni kusema tumewaibia Watanzania? Tulicheza ngoma. Tulisema Mazembe ni kubwa. Leo pesa imebadilisha upande, ghafla tumegundua uchungu wa mpaka.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, yaani karatasi.

Ile Mazembe ya 2010, ya Kidiaba, Kabangu na Kaluyituka, iliyopiga Internacional ya Brazil 2-0 na kucheza fainali ya Kombe la Dunia la vilabu na Inter Milan, haikushindwa na timu yoyote mwaka uliofuata ili iondolewe Afrika. Ilifukuzwa. Ilikuwa bingwa wa 2009 na 2010, ikamtoa Simba, ikaendelea mbele. Simba wakapeleka malalamiko juu ya mchezaji mmoja, Janvier Besala Bokungu, kwamba mambo yake na Espérance ya Tunis hayakuwa yamemalizika. CAF ikasikiliza, ikaitoa Mazembe nje. Tajiri wa mpira katika nchi hii, mwenye uwanja wake na ndege, aliangushwa na karatasi moja ya mchezaji mmoja. Kama Mazembe inaweza kuanguka hivyo, timu ya kartiye yetu ambayo daftari lake la wachezaji liko mfukoni mwa sekretari itafika wapi?

Maprezida wetu wengi wanajua bei ya mchezaji lakini hawajui kanuni. Acha niseme chache, polepole, maana hizi ndizo zinazokula pesa ya timu zetu.

Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei inatolewa na kugawiwa timu zote zilizomlea tangu mwaka aliofikisha miaka 12 mpaka 23. Kwa kila mwaka wa 12 hadi 15, timu iliyokuwa naye inapata robo ya asilimia moja ya bei nzima. Kwa kila mwaka wa 16 hadi 23, nusu ya asilimia. Tuseme kijana aliyelelewa hapa kwetu tangu miaka 12 mpaka 18 anauzwa siku moja kwa dola 200,000. Timu yake ya kartiye inapata dola 2,000 kwa miaka minne ya kwanza na dola 3,000 kwa mitatu inayofuata. Dola 5,000. Na akiuzwa tena baada ya miaka miwili kwa bei ya juu, inapata tena. Timu haikuomba chochote kwa mtu, haikupiga magoti kwa mbunge yeyote wakati wa kampeni. Juu ya hapo kuna fidia ya mafunzo, inayolipwa kijana akisaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa katika nchi nyingine, na kila akihamishwa nje mpaka mwisho wa mwaka anaofikisha miaka 23. Kwa kiwango cha chini kabisa cha klabu za Afrika, mwaka mmoja wa mafunzo unahesabiwa dola 2,000.

Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi yake ya malipo huko Paris, inaitwa Clearing House. Zamani ilikuwa lazima timu ndogo iandike barua, itafute avoka, ifuatilie miezi na miezi. Leo pesa hizo zinapita pale na kugawiwa kufuatana na pasipoti ya mchezaji, yaani orodha ya timu zote alizopita, jinsi ilivyoandikwa katika kompyuta ya shirikisho. Jina la timu yako likiwa ndani, unaitwa. Likiwa halimo, wewe hukuwahi kumlea. Hata kama kartiye nzima inaapa. Hata kama kocha ana picha zake akiwa na miaka 13 na viatu vya kuazima.

Hapo ndipo tunapoanguka. Kijana anacheza kwetu miaka sita bila lisansi. Anaandikishwa siku ile timu kubwa inapomtaka, na wakati mwingine ile timu kubwa ndiyo inayomwandikisha. Pasipoti yake inasema alianza mpira akiwa na miaka 19. Aliota kama uyoga baada ya mvua. Kwa nini hakuandikishwa? Nimewauliza viongozi kadhaa. Mmoja alisema lisansi ni gharama. Huyohuyo, wiki moja kabla, alikuwa amelipia fanfari na bia ya mashabiki siku ya derbi.

Kanuni nyingine ambayo maprezida hawaipendi: mchezaji asipolipwa mishahara miwili ya mwezi, anaweza kuiandikia timu barua, akaipa siku 15 ilipe, na isipolipa akavunja mkataba na kwenda zake, na haki iko upande wake. Ndugu wasikilizaji, hesabuni wenyewe ni timu ngapi zimekaa zaidi ya miezi miwili bila kulipa. Prezida wa namna hiyo hana mchezaji wa kuuza. Ana kijana anayesubiri nauli. Na mkataba ukibaki miezi sita au chini, mchezaji ana ruhusa ya kusaini kwingine kwa msimu ujao. Klabu za Dar es Salaam zinazijua tarehe hizi kuliko sisi. Wanangoja. Huo si wizi, ni kusoma kalenda.

Kuna wanaosema karatasi si kitu, kipaji ndicho kitu. Basi wamuulize Silas Katompa Mvumpa. Mnamjua, alikuwa na Léopards katika Kombe la Afrika lililochezwa Côte d'Ivoire mwanzoni mwa 2024, ile timu ya Desabre iliyomaliza ya nne. Mwaka 2019 Stuttgart ya Ujerumani ilimnunua kutoka Paris FC. Alikuwa akiitwa Silas Wamangituka. Mwaka 2021 yeye na klabu yake wakasema ukweli hadharani: jina halikuwa lake, na umri ulipunguzwa mwaka mmoja. Klabu ilieleza kwamba manajeri wa zamani, ambaye kijana alikuwa akimtegemea kwa kila kitu alipofika Ulaya, ndiye aliyemwingiza katika jambo hilo. Silas alifungiwa miezi mitatu na kulipa faini. Bahati yake, klabu ilimsimamia. Lakini fikirini: mtu aliyebadilishwa jina anakuwa mtu asiye na timu ya utotoni. Timu iliyomlea inawezaje kudai mtoto ambaye, kwa karatasi, haijawahi kumwona?

Na hapa nataka kuongea na familia zilizokimbia. Wazazi walio Butembo, Beni na Lubero, waliotoka Rutshuru, Masisi, Kanyabayonga na kwingine. Watoto wenu ninawaona jioni kwenye viwanja. Kuna vijana ambao wakigusa mpira watu wanaacha kupita. Wanacheza na mpira wa plastiki na kamba, na ninasema bila kutia chumvi kwamba baadhi yao ni bora kuliko wanaolipwa. Mtoto wa namna hiyo ndiye windo rahisi kuliko wote. Cheti cha kuzaliwa kilibaki katika nyumba iliyoachwa, au hakikuwepo. Timu yake ya zamani imetawanyika. Anakuja mtu mwenye simu mbili na kofia, anasema yeye ni manajeri, atampeleka mtoto Kampala au Dar es Salaam kwa majaribio, mama atoe dola 150 za hati ya kusafiria.

Mama, usitoe. Kanuni za FIFA zinakataza kumhamisha mchezaji kwenda klabu ya nchi nyingine kabla hajafikisha miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache sana, na mtu mwenye simu mbili si mojawapo ya sababu hizo. Klabu inayomtaka mtoto kweli haimwombi mama yake pesa. Na mtu akianza kusema tumpunguzie mtoto miaka miwili ili apate soko, mfukuze. Anamfungulia mwanao kesi ambayo italipuka siku jina lake litakapokuwa kubwa.

Maprezida watanijibu kwa neno moja: vita. Nani ataandika watoto katika vita? Barabara zimefungwa, watu wamekimbia, makomite yamegawanyika. Nalijua neno hilo, ninaliripoti kila siku. Lakini vita haikuzuia mechi za kirafiki, haikuzuia kukusanya michango ya mashabiki, haikuzuia safari za viongozi kwenda Kinshasa. Imezuia kujaza fomu tu? Mbona Maniema Union ya Kindu, timu ya mashariki kama sisi, Maxi Nzengeli alipokwenda Yanga mwaka 2023 haikufa? Msimu wa 2024-2025 ilikuwa katika makundi ya Ligi ya Mabingwa pamoja na Sundowns, Raja na FAR Rabat. Haikutoka katika kundi lile, sawa. Lakini ilifika, na Kindu si Paris. Na hiyo vita ndiyo sababu ya kuandika haraka zaidi: mtoto aliyekimbia mara mbili akikimbia mara ya tatu, karatasi yake iwe katika kompyuta ya shirikisho, si katika kabati la mtu Rutshuru.

Basi merkato hii timu zetu zifanye nini? Mimi si kocha, lakini miaka yote hii nimekaa kwenye ukingo wa viwanja hivi na nina macho. Kwanza waache kukimbilia majina. Kila mwaka tunaleta mzee wa miaka 34 kutoka Kinshasa au Lubumbashi kwa sababu zamani alikuwa na namba mgongoni, anakula nyumba na posho, anacheza mechi tisa, anaumia goti. Nafasi yake angekaa kijana wa hapa. Wabakize uti wa mgongo wa timu: golikipa, mabeki wawili wa kati, kiungo mmoja mwenye akili. Hao waongezewe mkataba sasa, kabla msimu haujaanza, hata kama ni lazima kumwacha winga wa mbwembwe aende. Mshambuliaji mwenye soko, auzwe, lakini mmoja, na kwa maandishi, pamoja na asilimia ya mauzo yajayo. Wakala wa Dar es Salaam akikataa kuandika asilimia hiyo, ujue anaamini kijana atauzwa ghali. Hapo ndipo usikubali haraka.

Na nafasi tano katika kila kikosi wapewe vijana wa miaka 17 hadi 19, wakiwemo watoto wa wakimbizi wa ndani. Siombi huruma. Naongea mpira. Timu inayoona watoto mia kwenye uwanja kila jioni na bado inakwenda kununua mbali haina macho.

Najua pia upande wa wachezaji. Wapo watakaosema mwandishi huyu anataka kutufunga kamba. La. Mchezaji mwenye mkataba ulioandikwa vizuri na kulipwa kwa wakati anaondoka vizuri zaidi. Ana jina lake, ana umri wake, ana bei. Anayekaa bila karatasi anaonekana huru, lakini siku anapovunjika mguu ndipo anagundua kwamba hakuna timu inayomjua. Tumewazika vijana wa namna hiyo wakiwa hai, wako kwenye motokari na mototaksi za mji huu, wengine mnawajua kwa majina ya utani.

Kwa hiyo naomba antanti na ligi ya mkoa jambo moja kabla ligi haijaanza: siku za kuandikisha watoto, kwenye viwanja vyenyewe na kwenye maeneo ya wakimbizi wa ndani, si ofisini. Kila timu ije na orodha yake ya watoto kuanzia miaka 12. Wazazi, mje na chochote mlicho nacho: cheti cha kuzaliwa, karatasi ya ubatizo, kadi ya chanjo, biltini ya masomo. Asiye na cheti aanze kukitafuta sasa. Sheria inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, na muda huo ukiisha pita lazima kupitia kwa tribinali, jambo linalochukua muda. Makomite yenye avoka kati ya mashabiki wao, na kila timu inaye, yamwombe afuatilie faili kumi badala ya kukaa tribini kupigia refa kelele.

Na maprezida wa timu, Jumamosi hii kipindi cha michezo kiko wazi kwenu. Mje na vitu vitatu: idadi ya wachezaji wenu wenye mkataba uliosainiwa, tarehe mikataba hiyo inapoisha, na mwezi wa mwisho mliolipa mshahara. Asiyekuja, nitasoma jina la timu yake hewani na kusema kiti kilikuwa tupu.